Wanaoitwa, Wanaobaki, Wanaokatwa

Jambo hili lote limenigharimu safari mbili za basi, likizo yangu yote ya mwaka huu, kilo saba za mwili, na heshima niliyokuwa nayo kwa kina mama wa kanisa. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya pili zilitoka kilo nane, lakini moja naiandika kwa chakula cha kantini ya kiwandani, simwandikii Shemasi.

Shemasi ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake. Jina lake analo, na kwenye makaratasi ya serikali limeandikwa vibaya kama majina yetu yote, lakini huku ughaibuni, South End ya Louisville, mtaa wetu wakimbizi, hakuna aliyelitumia. Alikuwa Shemasi hata kwa wasiosali. Dereva wa basi la mjini, mtu wa hapahapa, alimwita Shemasi miaka miwili akidhani ni jina la ukoo, naye hakumsahihisha. Alisema cheo ulichopewa na Mungu na kukubaliwa na dereva hakina tena wa kukipinga.

Alikuwa mrefu, mkavu kama ufito, na alitembea akikagua sakafu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufagia uwanja wa besiboli pale katikati ya mji. Aliingia kazini hajui mchezo wenyewe. Aliona watu wazima wamesimama kwenye majani mazuri wakitema maganda ya alizeti, mmoja anarusha, mwingine anakosa, na wote wanaonekana wametosheka. Wiki ya pili msimamizi akamwelezea. Timu ya mji wetu si ya ligi kuu. Iko ngazi moja chini. Vijana wake wanacheza huku wanangoja simu. Timu kubwa ikimhitaji mmoja, anaitwa, na anaondoka siku hiyohiyo na kuacha chai mezani. Wengine wanangoja miaka. Wengine wanaambiwa asante, rudi kwenu.

Shemasi aliegemeza fagio ukutani. "Donc, basi hii ni kambi," akasema, kama zile za wakimbizi tulikotoka.

Tangu siku ile akawa mshabiki, na mshabiki wa namna ambayo sijaiona tena. Wenzake wanataka mchezaji mzuri abaki. Yeye alimpenda mchezaji, akamwombea aondoke, na akiondoka alinuna siku tatu. Nilimwambia hiyo si biashara, unapata hasara pande zote mbili. Akanijibu, "Ndugu yangu, weye uliuza vitambaa kwetu Uvira. Kuna vitu vyenye haviuzwe kwa mita."

Ligi inalala Septemba na kuamka Aprili. Kwa watu wengine miezi ile ni ya kupumzika; kwa Shemasi ndiyo ilikuwa miezi ya kazi. Alikusanya magazeti ya juzi kutoka chumba cha mapumziko cha ghala alikofanya kazi majira ya baridi, akayasoma kidole kikitangulia, kisha akafungua daftari la shule na kuandika utabiri wake wa mwaka unaokuja. Wachezaji ishirini na watano. Safu tatu: wanaoitwa, wanaobaki, wanaokatwa. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo kambini angelitambua daftari lile kwa mbali. Kando ya kila jina aliweka namba, na kando ya namba, ukubwa wa familia. Wachezaji wote aliwaandikia familia ya mtu mmoja. Siku moja alisoma kwamba mdakaji wetu amepata mtoto. Akafuta moja kwa kifutio, akaandika tatu, akapuliza vumbi.

Mimi ndiye niliyepewa nakala. "Weye unahesabu mara mbili," alisema. "Utachunga."

Sasa niseme kwa nini mtu wa vitambaa aliingia kwenye mambo ya besiboli. Faili langu lilifunguliwa kabla sijaoa. Likaitwa, nikaja peke yangu mwaka 2013, na Mama Neema, mke wangu, akabaki kambini Uganda na binti yetu. Tangu hapo faili lao linapanda: mahojiano, ukaguzi wa usalama, daktari, ndege. Kila hatua ina tarehe ya kuharibika, kama maziwa. Karatasi ya daktari ikifa kabla ya ndege, unaanza tena kwa daktari, na ukimaliza kwa daktari, ile ya usalama nayo imekufa. Nimeona familia zilizozunguka hivyo mpaka watoto wakaota ndevu. Kwa hiyo simu ikilia kutoka namba nisiyoijua, nakaa chini kabla sijapokea. Barua ya shirika la wakimbizi inakaa juu ya friji siku nzima nikiipita, nikijifanya nina kazi. Mtu wa namna hii ukimpa daftari lenye safu tatu, hawezi kulitazama kama mchezo.

Nilipiga hesabu ya utabiri wake. Majira ya baridi ya kwanza alipata kumi na moja kati ya ishirini na tano. Ya pili, kumi na tatu. Hata mbuzi ukimwekea majani mafungu matatu anaweza kukaribia hapo. Nilifurahi, nikataka kulifunga daftari. Kisha nikahesabu safu kwa safu, na ndipo usingizi ulipoanza kuniacha. Katika wanaoitwa alikosea ovyo. Katika wanaobaki pia. Lakini wa kukatwa, mwaka wa kwanza alitaja wanne, wakakatwa wanne. Mwaka wa pili alitaja watano, wakakatwa watano. Tisa kwa tisa. Mzee hakujua habari njema hata moja, ila habari mbaya hakukosea.

Sikumwambia mtu. Ila kanisa lilikuwa limeshaanza kujua kwa njia nyingine.

Ilikuwa Jumapili ya Februari ya mwaka uleule wa pili, wakati wa maombi ya mahitaji. Shemasi alisimama na kofia mkononi. "Naomba tuombee kijana moja," akasema. "Mukono yake ya kushoto walipasua. Iko nangoja kuitwa tangu miaka tatu. Kama mwaka huu hawamuite, watamukata." Kanisa zima likaguna. Hakuna aliyeuliza kijana yuko kambi gani. Kwetu sisi kijana anayengoja kuitwa ni kijana wa kambini, hakuna wa namna nyingine. Mama Prezida, mkuu wa kina mama, akatangaza kufunga siku tatu. Mimi nilijua ni mrushaji wetu, namba nilikuwa nayo mfukoni, na nilikaa pale nikipima bei ya kusema na bei ya kunyamaza. Nilinyamaza. Na mimi nikafunga, kuanzia Jumanne mchana.

Mwezi wa tano Shemasi akasimama tena. "Kijana ameitwa."

Ngoma zililia mpaka jirani akapiga ukuta. Zilipotulia, Mama Prezida akauliza, "Anafika siku gani? Tujue kupika, tujue na gari ngapi ziende uwanja wa ndege."

Shemasi akatazama sakafu. "Ameshafika, Mama."

"Ameshafika na hajakuja kusali?"

Basi ikabidi mtu aeleze, na mtu huyo nikawa mimi, kwa sababu Shemasi alikuwa amekaa. Nilieleza vizuri, na ngazi za ligi nikazitaja. Mama Prezida alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc nilifunga siku tatu kwa mutu ya mupira."

"Na yeye ana mama yake," Shemasi akasema kutoka kwenye kiti.

Mama Prezida hakumkasirikia Shemasi hata kidogo. Alinikasirikia mimi niliyejua nikanyamaza, na nadhani alikuwa na haki. Lakini kina mama walibaki na jambo moja: kijana alikuwa na mkono uliopasuliwa, Shemasi alimtaja, akaitwa. Kuanzia wiki ile walianza kumfuata na majina ya kweli. Dada yuko Nairobi. Mkwe yuko Burundi. Aliwapokea wote kwa upole na akawakatalia wote kwa sentensi moja: "Miye sitabiri mutu mwenye nimekula naye." Na kwa kuwa Shemasi alikula katika kila nyumba ya South End, hakubaki wa kutabiriwa.

Kanuni hiyo aliifuata mpaka uwanjani. Mchezaji mmoja alimkuta akikusanya taka akamkatia kipande cha pizza, wakala wamesimama. Jioni jina likafutwa daftarini, safu zote tatu. "Huyu tumekula," akaniambia kwa huzuni, kama mtu anayeripoti msiba.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Vijana wa kwaya walipotaka kuchezea kamari kwa orodha yake, aliwafukuza na mstari wa Biblia. Dakika kumi baadaye alibishana nami kama mpigaji wetu wa tatu angerudi, na akaapa kuosha vyombo vyangu mwezi mzima akishindwa. Akashindwa, akaviosha. Majira ya joto alilaani maganda ya alizeti na kila anayeyatema. Majira ya baridi nilimkuta jikoni kwake na pakiti ya alizeti, anatafuna na kutema sakafuni, makusudi, fagio likiwa tayari kando. Nilisimama mlangoni. "Mukono inasahau," akasema.

Agosti 2015, msimu haujaisha, mpwa wake aliyepata kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege akamchukua kwenda Gahanna, pembeni ya Columbus. Tulimuaga kwa sala ndefu. Columbus nao wana timu ya ngazi ileile, ligi ileile. "Mungu ananihamisha," alisema, "lakini hanitoe mu ligi." Timu yetu ilipokwenda kucheza kule alinunua kiti, akakaa katikati ya wenyeji na kupiga makofi peke yake, kila mtu akageuka kumtazama. Hakuwahi kubadilisha timu. Alisema mtu akihama kambi habadilishi namba ya faili.

Orodha ya majira ya baridi yaliyofuata alinitumia kwa posta. Tulipofika kiangazi nikahesabu, nikarudia. Safu ya wanaokatwa ilikuwa na majina sita. Waliokatwa kweli ni wawili. Kanisani walisema karama haikuvuka mto wa mpaka wa jimbo. Mimi nilipata nafuu siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuogopa upande wa pili: kama alijua akaacha kujua, basi palikuwa na kitu cha kujua.

Kabla ya hapo, mwezi wa tatu, nilikuwa nimeshakwenda Gahanna kwa basi kumwuliza habari ya Mama Neema. Aliniandalia chai, akanisikiliza, akanirudishia sentensi yake ileile. Nilikuwa nimekula naye miaka miwili. Nilipanda basi kurudi, na maili zote zile nilikuwa natafuta mlango katika sentensi ile, kama ninavyotafuta mlango katika bei ya mtu.

Nikaupata. Lakini kabla sijarudi kwake alikuwa ameshahama tena, kwa binti yake, Buffalo.

Mwezi wa tano Mama Neema na mtoto walipita kwa daktari. Wakaambiwa ndege ni baada ya wiki tatu. Wiki ya tatu wakaambiwa imesogezwa. Imesogezwa mpaka lini, hakuna aliyesema, na hajasema mpaka leo. Karatasi ya daktari inaishi miezi sita. Mwezi wa kumi ulipoingia nikaomba siku zote za likizo zilizobaki, nikapanda basi la Buffalo.

Kule Lower West Side, mtaa wa binti yake, upepo unatoka ziwani na kuingia kwenye mikono ya koti bila kubisha. Nilifika adhuhuri. Shemasi alikuwa ghorofani kwa binti yake, amekaa ndani na koti lake, amepungua, shingo imekuwa ya mtoto. Mjukuu alimwambia kwa Kiingereza kwamba kuna mgeni, naye akajibu kwa Kiswahili kwamba huyu si mgeni, huyu ni mhasibu. Binti akaleta bugali na sombe, kisamvu cha kwetu. Sikugusa.

"Kula," Shemasi akasema.

"Tumalize kwanza. Kanuni yako ni mtu uliyekula naye."

"Njo ile," akakubali.

"Mimi umekula nami. Mama Neema hujawahi kuona hata sahani yake."

Akanitazama. Pembe moja ya mdomo ikapanda. "Hiyo umeifikiri tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na kama ni mubaya?"

"Usiniambie ataitwa lini, huko hujui kitu, nimekuhesabu. Niambie safu ya tatu tu. Kama hayumo, nyamaza. Nitaelewa."

Alikaa kimya, nami kwa sekunde kadhaa nikafikiri ndilo jibu, na mwili wangu ukaanza kupoa. Kisha akasema. Ninyi mliowahi kungoja jibu mnajua jinsi mtu anavyoweza kumchukia mwenzake kwa kufungua mdomo.

"Ndugu yangu, miye siko nabii. Nilikuwa na fagio."

Akanieleza. Siku ya mwisho ya msimu ndiye aliyesafisha chumba cha kubadilishia nguo. Wengine waliacha viatu kabatini, picha za watoto ukutani, sabuni nusu. Hao wanarudi, au wanadhani wanarudi. Lakini kila mwaka kulikuwa na wachache waliofuta kabati zao wenyewe na kugawa vitu vyao. Mmoja alimpa glavu. Mwingine viatu, vipya, vikubwa kwake kwa vidole viwili. Hawakuwa wameambiwa kitu, ila walijua. Shemasi alikwenda nyumbani na kuandika majina yao.

"Mwaka ya Gahanna sikufagia," akasema. "Njo maana nilikosa. Mutu mwenye anajua ameisha, anagawa."

Nilipaswa kucheka. Mwaka mzima na zaidi wa hofu, na siri yake ni kabati. Badala yake niliisukuma sahani mbali.

"Shemasi," nikasema, "amegawa."

"Nani?"

"Mama Neema. Daktari alipopitisha, wakaambiwa wiki tatu. Sufuria mbili, jiko, godoro la mtoto, majerikeni matatu." Nilihesabu kwa vidole, nikarudia, vikawa vilevile. "Vyote kwa jirani. Sasa anapika jirani akishamaliza, kwa sufuria yake mwenyewe, anaiomba."

Kambini aliyepata ndege anagawa vyombo, hiyo ndiyo desturi. Hakuna anayepanda ndege na jerikeni. Na cha kuaga hakirudishwi. Ukikidai, umetangaza kwa mdomo wako kwamba safari imekufa.

Shemasi alivua koti. Akalikunja magotini, akalikunjua.

"Kule ni tofauti," akasema. "Bale ba timu waligawa sababu wamekatwa. Yeye amegawa sababu ameitwa."

"Una hakika?"

"Hapana."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Papa, umwambie ya godoro," na akaingia jikoni kabla hajajibiwa.

"Kambini ndege yetu nayo ilikufa mara moja," Shemasi akasema. "Tulikuwa tumegawa yote. Mvua ilikuwa nanyesha, mama yao anakohoa, tunalala chini. Nikaenda nikadai godoro. Jirani alinipa, hakusema kitu. Tulikaa miaka ine tena pale. Mama yao hakuitoka ile kambi, tulimuzika palepale."

"Ni kwa sababu ya godoro?"

"Sijui. Njo kitu kimoja nilitaka kujua. Njo maana nilianza kuandika bale batoto ba mupira, watu sijakula nao. Nione kama kuna kitu mutu anaweza kujua mbele." Alisukuma sahani kuelekea kwangu. "Sasa kula. Imepoa."

Tukala. Hakusema zaidi, wala mimi sikumbana. Hapakuwa na bei ya kubanana. Aliponisindikiza mpaka kwenye ngazi alinishika mkono kwa mikono miwili, ya kwake baridi, na akaniuliza kama mrushaji wa mkono wa kushoto bado yuko ligi kuu. Nilimwambia yuko. Sikuwa najua.

Hiyo ni wiki moja iliyopita. Jana Mama Neema aliniandikia. Jirani anahamishiwa eneo jingine la kambi na hatabeba vyombo viwili viwili; siku ya gulio, Jumamosi, anauza sufuria na godoro. Amemwambia mke wangu, kwa wema, kwamba kama anavitaka aseme mapema, atampa bure. Mama Neema anauliza: niseme, au ninyamaze? Neema ameanza kukohoa kidogo, anasema, si sana. Ameona kwenye simu kwamba nimesoma. Leo ni Alhamisi.

Karatasi ya daktari imebakiwa na siku kumi na tisa. Akidai godoro na ndege isije, nitajua ni mimi niliyemwambia adai. Asipodai na ndege isije, mtoto atakuwa amelala chini majira yote ya mvua kwa ajili ya desturi ambayo hata Shemasi hajui kama ina kitu ndani. Nimeyapima mara mbili na mizani haielemei upande wowote. Kwa hiyo nawaomba ninyi mliowahi kugawa vyombo mkangoja: mlidai, au hamkudai? Niambieni kabla ya Jumamosi.